Hatua 136 za Dubai: Kwa Nini Sikubali Kwamba Ilikuwa Sare

Kila nikiutaja mchezo wa sita wa chesi wa Magnus Carlsen, bingwa wa dunia wakati huo, na mpinzani wake Ian Nepomniachtchi, kuna kijana atanikatiza: "Lakini injini (programu ya kompyuta inayochambua chesi) inasema ilikuwa sare mpaka hatua ya 130." Husema hivyo simu ikiwa mkononi, na kwake maneno yameisha. Kwangu ndiyo yanaanza. Nimeupanga mchezo huu ubaoni kuliko mchezo mwingine wowote, na kila nikiupanga nazidi kuamini kwamba sare ya mashine ni kitu kimoja, na sare ya watu wawili waliokaa kitini karibu saa nane ni kitu kingine kabisa.

Kwa asiyenijua, mimi ni kinyozi, Kayole. Kwenye benchi la wanaosubiri zamu kuna ubao wa plastiki wa kukunja na kete zake zote, isipokuwa askari mmoja mweusi aliyepotea, ambaye kazi yake sasa inafanywa na kifuniko cha soda. Uchambuzi wangu wote hufanyika hapo, kati ya kichwa kimoja na kingine. Stima ikipotea mashine zikinyamaza, ndipo tunachambua vizuri zaidi.

Mchezo wenyewe ulichezwa Ijumaa, 3 Desemba 2021, kwenye maonyesho ya Expo 2020 kule Dubai (jina lilibaki la 2020 ingawa Korona iliyasukuma maonyesho mwaka mzima mbele). Ulikuwa mchezo wa sita kati ya 14 iliyopangwa ya ubingwa wa dunia. Ulianza saa tisa na nusu alasiri kwa saa za hapa Nairobi. Ijumaa jioni ndiyo pesa ya kinyozi, na kafyu ilikuwa imeondolewa Oktoba, kwa hiyo tulikuwa tumerudia kufunga usiku. Simu niliiegemeza kwenye kioo, nikawa nanyoa na kuchungulia. Wateja waliulizana mtu anaangalia nini kwa saa zote hizo ilhali hakuna anayekimbia wala anayepiga mpira. Ulipokwisha ilikuwa imepita saa tano usiku. Saa saba na dakika 45, hatua 136, mchezo mrefu kuliko wote katika historia ya mechi za ubingwa wa dunia. Rekodi ya zamani ilikuwa ya 1978 mjini Baguio, Ufilipino, Korchnoi na Karpov, hatua 124, nayo ilikuwa sare. Ila enzi hizo mchezo ukirefuka uliahirishwa, wachezaji wakaenda kulala, wasaidizi wao wakakesha wakichambua. Dubai hakukuwa na kuahirisha. Ulikaa hapo mpaka mmoja aishe.

Tena si mchezo mrefu kuliko yote duniani, kabla hujanirekebisha. Mwaka 1989 mjini Belgrade, Nikolić na Arsović walifikisha hatua 269, wakaishia sare. Lakini ule haukuwa na taji mezani.

Ili uelewe uzito wake: tangu Novemba 2016, Carlsen alipomshinda Karjakin mchezo wa kumi kule New York, hakuna mtu aliyekuwa ameshinda mchezo wa kawaida (wa saa ndefu, si wa haraka) wa mechi ya ubingwa. Miwili iliyobaki ya 2016, yote 12 ya 2018 dhidi ya Caruana, na mitano ya kwanza Dubai. Jumla sare 19 mfululizo. Watu walikuwa wameanza kusema chesi ya kiwango hicho imekufa, kwamba wakubwa wanajua mno kiasi cha kutofungana. Na Nepomniachtchi hakuwa kibonde. Kabla ya mechi hiyo alikuwa amemfunga Carlsen kwenye michezo ya kawaida mara nyingi kuliko Carlsen alivyomfunga yeye.

Ufunguzi nitaupita haraka. Carlsen, mweupe, alianza na d4 (herufi a hadi h ni safu za kusimama, namba 1 hadi 8 ni za kulala), akamweka askofu wake g2 kwa mtindo wa ufunguzi uitwao Katalani, na kufikia hatua ya kumi na kitu Mweusi alikuwa amepanga kete zake vizuri bila shida yoyote. Ninachotaka ukiangalie ni hatua ya 17. Carlsen alimtoa askofu wake kwa farasi wa f6, na Nepomniachtchi akalipiza kwa askari: 17...gxf6, yaani askari wa safu ya g akala f6 (x ni kula, nukta tatu ni hatua ya Mweusi). Sasa Mweusi ana askari wawili kwenye safu moja, f6 na f7. Wakati ule ni kajidosari tu. Askofu wawili wa Mweusi walikuwa hai, malkia ana nafasi, nani atasumbuka na askari wawili waliopangana foleni? Waweke akilini. Tutawakuta tena huko mbele, hatua sitini na zaidi baadaye, na watakuwa wanaliwa.

Mchezo hasa unaanza hatua ya 25. Nepomniachtchi aliweka ngome zake mbili kwenye safu ya nane, moja d8 na nyingine c8, na kumwambia Carlsen kimya kimya: kama unataka, chukua. Carlsen alichukua. 26.Qxc8 Rxc8 27.Rxc8 (Q ni malkia, R ngome, N farasi, K mfalme). Ametoa malkia, amepata ngome mbili.

Ukihesabu kama wanavyofundishwa watoto shuleni, ngome mbili ni pointi kumi na malkia ni tisa, kwa hiyo Mweupe kafaidi kidogo. Hesabu hiyo haisaidii kitu. Ubaoni palibaki ngome mbili na farasi upande mmoja, malkia na askofu upande wa pili. Kete za aina tofauti kabisa. Hakuna hatua unayoweza kuinakili kutoka kwa mwenzako, na hakuna njia rahisi ya kubadilishana kete moja moja mpaka mpeane mikono saa kumi na mbili jioni. Injini ilionyesha usawa, na nakubali ulikuwa usawa. Lakini nikiulizwa Carlsen alishinda mchezo huu hatua gani, jibu langu huwa 26. Hapo ndipo alipoifunga njia ya kurudi nyumbani mapema.

Mzee mmoja mstaafu wa reli, ambaye hunyoa kwangu na hukaa kibandani hata wiki ambayo hana nywele za kunyoa, hakubaliani nami. Yeye husema kushinda kulitakiwa hatua ya 33, na kwa hili injini iko upande wake.

Panga ubao. Mweupe: mfalme h2, ngome c5 na d2, farasi d3, askari a3, b4, e3, f2, g3, h4. Mweusi: mfalme g7, malkia d6, askofu b2, askari a4, b5, e6, f6, f7, h5. Zamu ya Mweupe. Askofu mweusi ameingia mbali mno, kule b2, anammezea mate askari wa a3. Hatua iliyotakiwa ni kurudisha ngome kinyumenyume: 33.Rcc2. Ngome iliyokuwa inatisha b5 inarudi nyuma, jambo ambalo jicho la mchezaji halipendi, hasa saa ikilia. Askofu akimla wa a3, basi 34.Nf4! Farasi anaruka, na nyuma yake ngome ya d2 inamtazama malkia wa d6 uso kwa uso. Malkia akikimbilia b4 na kula, 35.Rd7, na ghafla h5, e6 na f7 zote zinawaka. Mfalme mweusi hana mlinzi hata mmoja wa maana.

Carlsen alicheza 33.Rd1, askofu akala a3, ngome ikala b5, na nafasi ikapita.

Kwa nini hakuiona? Hapa ndipo sheria za saa zinapoingia. Kila mmoja alipewa dakika 120 za hatua 40 za kwanza, na hakuna sekunde ya kuongezewa. Nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua ilianza hatua ya 61 tu. Kwa hiyo hatua ya 33 wote wawili walikuwa na dakika za kuhesabika vidole, na hatua kadhaa bado mbele yao. Mzee anasema bingwa wa dunia hana ruhusa ya kukosa Rcc2. Mimi nasema mpe mtu yeyote dakika chache, ngome iliyo mbele na kete ya kula upande wa kushoto, kisha uone kama atairudisha nyuma. Tumebishana hili mpaka mteja aliyekuwa kitini akaniomba nimalizie kwanza upande wake wa pili wa kichwa.

Baada ya hatua ya 40 kivumbi kilitulia. Askari wa e wa Mweusi alikuwa amesonga mbele akaliwa. Carlsen alibaki na ngome mbili, farasi na askari wanne. Nepomniachtchi alikuwa na malkia, askofu na askari wanne, mmojawao akiwa yule wa safu ya a, ambaye punde tu alifika a3, hatua mbili kutoka kuwa malkia. Huyo ndiye aliyekuwa uhai wa Mweusi. Ngome za Carlsen zilifungiwa a2 na a1 zikimlinda tu asipite, kazi ya ulinzi wa usiku.

Hatua ya 52 Nepomniachtchi akamweka malkia e4, na hapo ndipo Carlsen akafanya hatua ninayoipenda kuliko zote za mchezo huu, kuliko hata ile ya 80 ambayo kila mtu huizungumzia. 53.Rxa3. Alikula askari wa a na kumwachia askari wake wa h4. Malkia alikula h4 kwa cheki, yaani akimtishia mfalme, na usishangae kwa nini askari wa g3 hakumla malkia: alikuwa amefungwa. Askofu wa d6 alikuwa anatazama mshazari mzima hadi kwa mfalme wa h2, na g3 akisogea tu mfalme yuko wazi. Carlsen akarudisha mfalme g1, g3 akafunguka, malkia akalazimika kuondoka.

Mzee alikulia kwenye drafti, ile ya vifuniko vya soda chini ya mti, na kwenye drafti kula ni lazima. Mara ya kwanza nilipompangia hatua hii, alishangaa kwamba katika chesi mtu anaweza kumwacha mwenzake ale bila kulazimishwa, tena ale kwa cheki. Nikamwonyesha kilichobaki. Mweupe ana askari watatu, e3, f2, g3, wote upande mmoja, wanashikana mikono. Mweusi ana f6, f7 na h5, kila mmoja kivyake. Hakuna tena askari wa kumlinda usiku kucha. Kuanzia hapo ni Mweupe peke yake anayeweza kuuliza maswali.

Na hili ndilo ninalotaka kijana mwenye simu alielewe. Ile namba ya injini inakuambia nini kitatokea iwapo pande zote mbili zitacheza bila kosa. Haikuambii nani kati yao ana kazi ngumu. Baada ya hatua ya 53, Carlsen alikuwa na hatua nyingi nzuri kila zamu. Angeweza kupeleka ngome huku, kuirudisha, kumpeleka mfalme f2, kumrudisha, na hakuna kinachobomoka. Nepomniachtchi kila zamu alikuwa na hatua chache zinazofaa, na zamu nyingine labda moja. Namba ya wote wawili ni sifuri kwa sifuri. Mmoja anatembea barabarani, mwenzake anatembea juu ya ukuta.

Kuanzia 60 hadi 79 ni kupapasa. Ngome zilifika safu ya nane, zikarudi, zikajaribu safu ya tano, zikarudi. Ukiangalia haraka utasema hakuna kinachotokea. Lakini angalia Mweusi alilazimika kusogeza nini: hatua ya 64 askari wa f6 alikwenda f5. Baada ya hapo alikuwa mtu wa kulindwa, na malkia hawezi kumlinda yeye, askofu na mfalme wakati mmoja. Hatua ya 79 ngome ikamla: Rxf5. Na hatua iliyofuata ikamla ndugu yake: 80.Rxf7+ (alama ya + ni cheki).

Hao ndio wale wawili niliosema uwaweke akilini. Walizaliwa hatua ya 17 na wakafa 79 na 80.

Ile ya 80 ni nzuri kwa macho, sikatai. Ngome inajitupa f7, mfalme analazimika kuila, ngome ya pili inatoa cheki b7, mfalme anakwenda g6, na ngome inamla askofu aliyekaa a7. Umetoa ngome, umepata askofu na askari. Ubaoni: Mweupe mfalme, ngome, farasi na askari watatu e3, f4, g3. Mweusi mfalme, malkia na askari wa h5 peke yake. Askofu mweusi ameondoka, na yeye ndiye pekee aliyeweza kumsaidia malkia kugonga mraba uleule mara mbili. Malkia akiwa peke yake ni hatari kwa kete zilizotawanyika. Mbele ya kete zinazolindana hana kitu cha kula. Farasi analinda askari, askari analinda farasi, ngome inalinda wote, na mfalme anajificha f2. Malkia anaweza kucheki, lakini cheki bila windo ni kelele.

Kisha ikaja sehemu ambayo wateja wangu waliosalia usiku ule walidhani simu imekwama. Kuanzia 83 hadi 109 hakuna kete iliyoliwa wala askari aliyesogea. Ngome huku, farasi kule, f3, d4, tena f3, mpaka akarudi g1 alikoanzia farasi yeyote wa upande ule. Kanuni inasema zikipita hatua 50 bila kete kuliwa wala askari kusogezwa, mchezaji anaweza kudai sare. Carlsen alitumia 27, kisha hatua ya 110 akasogeza askari: e4. Wengine huita hiyo kupoteza muda. Mimi naona alikuwa anafanya mambo mawili. Alikuwa anajaribu mpangilio mmoja baada ya mwingine kuona ni upi unaomuudhi mwenzake, na alikuwa anamfanya mwenzake afikiri. Kila zamu Mweusi alitakiwa kuhakikisha hakuna farasi atakayegonga mfalme na malkia kwa pamoja, hakuna ngome itakayowapanga mstari mmoja, na kwamba h5 bado yupo. Kwa zamu moja ni kazi ndogo. Kwa zamu thelathini, baada ya saa sita kitini, ni jambo jingine.

Hatua ya 113 Nepomniachtchi alimtoa askari wake wa mwisho. Alimsukuma h4, g3 akamla, malkia akacheki h3, mfalme akaenda d2, na malkia akamla yule wa h4. Sasa kuna kete saba tu ubaoni: mfalme, ngome, farasi, askari e4 na f4, mfalme na malkia.

Kete saba ni namba maalumu. Kompyuta zimeshatatua kila mpangilio unaowezekana wa kete saba au chini yake. Jedwali la kwanza kamili la kete saba lilimalizwa Moscow mwaka 2012, na lile linalotumiwa bure na watu wa kawaida likakamilika 2018. Hapo hakuna tena makadirio. Ni jibu. Na jibu la mpangilio ule lilikuwa: sare. Mamilioni waliokuwa wakitazama walijua. Watu wawili tu waliohusika ndio hawakujua, kwa sababu wao walikuwa na ubao, dakika chache, na zile sekunde 30.

Kijana mmoja wa chuo kikuu, mzuri kunishinda ukiniuliza ufunguzi, alikuja kibandani na msemo wake wa "sare mpaka 130". Sikubishana. Nilipanga ubao kama ulivyokuwa baada ya hatua ya 115, nikaweka saa ya simu sekunde 30 kwa kila hatua, nikampa malkia. "Kama ni sare, nipe sare yangu," nikamwambia. Aliingia kwa cheki mfululizo, tena kwa sauti, kama wachezaji wa drafti. Cheki zilipoisha akaanza kukawia. Kisha akamweka malkia mahali farasi wangu alipogonga yeye na mfalme kwa mpigo mmoja. "Buda, hiyo sikuiona." Akataka tena. Mara nyingine alidumu zaidi, akafa na askari wangu akiwa safu ya saba. Tukabadilishana, nikachukua malkia mimi. Hakunishinda, farasi alimpotea njiani na ngome peke yake haikutosha, lakini muda wote ule yeye ndiye aliyekuwa akitafuna mandazi na mimi ndiye niliyekuwa nakuna kichwa. Hiyo ndiyo tofauti ambayo namba ya sifuri haiwezi kukuonyesha.

Sasa tuje hiyo hatua ya 130 yenyewe, kwa sababu inasemwa vibaya. Inaitwa kosa la mtu aliyechoka. Kuchoka alikuwa amechoka, lakini angalia ubao. Mweupe: mfalme h3, ngome f5, farasi g3, askari e5 na f4. Mweusi: mfalme e8, malkia a2. Zamu ya Mweusi. Nepomniachtchi alicheza Qe6, na ukimwambia mchezaji yeyote wa benchi langu achague, wengi wataichagua hiyohiyo. Malkia yuko mbele ya askari wa e, anamzuia. Tena, kwenye mshazari uleule, e6, f5, g4, h3, ameifunga ngome kwa mfalme wake. Kete moja, kazi mbili. Inapendeza.

Jedwali linasema inapoteza. Zilizookoa ni Qb1 au Qc2, malkia akae mbali. Nimezitazama hizo mbili mpaka nikaelewa zinafanana wapi: zote ziko kwenye mshazari ule mwingine unaoitazama f5 kutoka nyuma. Malkia akiwa mbali ana nafasi ya kuchagua upande. Akikaa e6, ameingia kwenye msongamano wa kete za adui ambako kila mtu anaweza kumsukuma.

Carlsen alimsogeza mfalme hatua moja tu: Kh4. Mfungo umekwisha. Malkia akacheki h6, farasi akaingia h5 kuziba, na huyo farasi sasa analinda mfalme na kutishia g7 na f6. Malkia h7. Kisha e6, askari yule aliyedhaniwa amezuiwa. Malkia g6, ngome f7, na usifikiri mfalme anaweza kuila hiyo ngome, maana askari wa e6 anailinda. Mfalme d8, f5, malkia akakimbilia g1 kutafuta cheki, na 136.Ng7. Askari wawili bega kwa bega, safu ya tano na ya sita, ngome na farasi nyuma yao, na mfalme mweupe ana pa kukimbilia cheki zikija. Nepomniachtchi alisalimu amri.

Yaliyofuata kila mtu anayajua. Mchezo wa saba kesho yake ulikuwa sare. Wa nane, Nepomniachtchi alitoa askari wa bure. Wa tisa, alimsukuma askari c5 na askofu wake mwenyewe akafungiwa kama yuko ndani ya geti la ploti, akanaswa na askari mdogo wa c6. Wa 11 ukamaliza mechi, 7.5 kwa 3.5, michezo mitatu ikiwa haijachezwa. Mtu wa kiwango cha 2782, kwa pointi zinazopima uwezo wa mchezaji, hakosei hivyo katika hali ya kawaida. Sidhani ni kusahau chesi. Nadhani ile jioni ya hatua 136 ilimwonyesha kwamba hata akiwa kwenye sare, huyu mtu hamwachi aende nyumbani.

Limebaki jambo moja ambalo mimi na Mzee hatujalimaliza, nalo ni 113...h4. Yeye anasema asingemtoa yule askari hata kwa bunduki. Akiwa na askari wa h5, Mweupe lazima amwekee mlinzi, na mlinzi huyo ni g3, na g3 akibaki hapo hawezi kusonga mbele na wenzake. Kumtoa, kwa maoni yake, ni kumvua kazi mlinzi wa adui. Mimi naona kinyume: kumbadilisha h kwa g kulimwondolea Carlsen askari mmoja kati ya watatu, na wawili ni vigumu zaidi kuwafikisha kuliko watatu. Tena jedwali liko upande wangu, maana baada ya mabadilishano hayo ilikuwa sare iliyothibitishwa. Nilipomwambia hivyo Mzee alinitazama kupitia kioo, povu likiwa bado shingoni.

"Sasa wewe ndiye unayenisomea jedwali?"